Sikio la Serikali katika Nchi ya Pamba na Dhahabu

Mwaka 1958 Serikali ya Mwingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika kwa amana ya Umoja wa Mataifa, ilikuwa imekwisha kukata shauri kwamba wilaya ya Geita, iliyohesabiwa zama hizo kuwa sehemu ya Jimbo la Ziwa, ipewe baraza la mseto, yaani baraza ambalo Wazungu na Wahindi, waliokuwa wachache mno katika wilaya ile na aghalabu wakiishi kandokando ya mgodi wa dhahabu na maduka ya biashara, wangeketi pamoja na watemi na wajumbe wa Kiafrika kuamua mambo ya nchi. Sheria ya serikali za mitaa iliyofungua mlango huo ilitungwa mwaka 1953, na Gavana Edward Twining aliitakidi kwa dhati kwamba mseto wa mataifa ndiyo njia ya salama. Wasiosadiki walikuwa wenyeji, Wazinza na Wasukuma waliohamia magharibi ya ziwa kutafuta ardhi mpya, ambao hawakutakwa rai yao kabla ya jambo kufungwa, na ambao waliona kwamba kiti alichopewa mgeni katika baraza leo kitakuwa hati ya shamba lake kesho.

Wakalikataa. Walikutana na kukataa, wakawaendea watemi wao na kukataa, wakakusanyika mbele ya boma la Geita na kukataa; na walipoona kwamba watemi wamekwisha kutia mkono wao katika jambo lile bila ya kuwashauri, na kwamba Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, hana neno jipya la kuwaambia, walishika njia ya Mwanza, mji ulio ng'ambo ya ghuba, ili wamfikie mkubwa wa jimbo zima. Huko walipiga kambi wakingoja jawabu, na jawabu la kwanza lilikuwa virungu vya polisi na mabomu ya machozi. Lakini watu wale hawakuvunjika moyo. Waliendelea kukaidi, na ukaidi wao ukaenea kwa jirani zao wa Usukuma yote, hata haukupita muda mrefu baraza la mseto likaachwa, na pamoja nalo ikaachwa fikira nzima ya kuwagawia watu viti vya mabaraza kwa rangi zao katika sehemu zile za ziwa.

Nimeanza na tukio hili kwa sababu swali ambalo raia wa kila nchi hujiuliza, kama Serikali kweli humsikia mpiga kura katika mambo yenye mgogoro au humtazama tu akisema, lina historia ndefu na yenye mafunzo katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita kuliko pengi ninapopajua. Na rai yangu, ambayo nitajaribu kuitolea ithibati, ni kwamba hapa Serikali, ya mkoloni na ya wananchi kadhalika, imesikia kila mara raia walipokuwa wameshika mikononi mwao kitu ambacho dola haiwezi kukikosa. Na kwamba walipokuwa hawana kitu cha namna hiyo, haki yao ya kusikilizwa, ingawa ilikuwa ile ile, haikuwafaa.

Tutazame basi watu wa Geita walikuwa wameshika nini mwaka ule. Walikuwa wameshika pamba. Tangu mwanzo wa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi iliyopunja haki zao, waliunda vyama vya ushirika chini ya uongozi wa kijana Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Chama Kikuu cha Ushirika cha Victoria, ambacho katika muda wa miaka michache kilipata kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Pamba ile ilikuwa nguzo ya hazina. Walikuwa wameshika pia utii wao, maana tangu mwaka 1947 Serikali ilikuwa ikiendesha mpango wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya, uliowataka watu kulima kwa matuta ya kukinga maji, kupanda mihogo kwa kipimo kilichowekwa na kupunguza mifugo yao, na asiyefuata akatozwa faini katika mahakama ya mtemi. Mabwana shamba waliweza kumtoza faini mtu mmoja, au kijiji kimoja. Lakini watu wote walipokataa kwa pamoja, hapakuwa na mahakama ya kuwatosha. Fauka ya hayo, chama cha TANU, kilichokuwa kikidai uhuru, kilikuwa kimepigwa marufuku katika Usukuma tangu 1954, kwa hiyo Serikali haikuwa na mtu wa kumwita mezani na kumwambia awatulize wafuasi wake. Ilikuwa imeuziba mdomo ambao sasa iliutaka useme.

Katikati ya mwaka ule ule Twining aliipa kisogo Tanganyika, akaja Richard Turnbull, gavana aliyetoka Kenya, nchi iliyokwisha kuona vita vya Mau Mau, na ambaye alitambua upesi kwamba askari wake hawatoshi kutawala nchi isiyotaka kutawaliwa. Marufuku ya TANU ikaondolewa, kanuni za kilimo zikaachwa zife, na uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja, ukageuzwa na TANU kuwa silaha, baada ya mkutano wao wa Tabora wa Januari 1958 kukubali kushiriki badala ya kususa. Ni haki kusema kwamba waandamanaji wa Geita, ambao wengi wao hawakuwa na sifa za kupiga kura kwa mujibu wa masharti ya kipato, elimu na wadhifa yaliyowekwa, waliihukumu siasa ya mseto kabla ya sanduku la kura kupata nafasi ya kuihukumu.

Hata hivyo desturi ya kumtaka mtawala ajibu haikuanza na TANU wala na vyama vya pamba. Kabla ya bendera za Ulaya, mtemi katika Usukuma hakuwa sultani wa amri tupu. Alichaguliwa na banang'oma, wazee wa baraza la ikulu, kutoka katika ukoo wa kitemi, na mvua ikikatika au nchi ikipatwa na msiba juu ya msiba, aliweza kuondolewa akawekwa mwingine. Chini kabisa, katika vijiji, walikuwapo basumba batale, viongozi wa vijana wa kazi, waliosimamia kilimo cha pamoja, na neno lao lilikuwa na uzito mbele ya mtemi mwenyewe. Wakoloni walipoamua kutawala kwa mikono ya watemi, waliuacha utemi usimame lakini wakaukata mzizi wake: mtemi akapewa mshahara na akaanza kumwogopa Bwana Shauri kuliko alivyowaogopa watu wake. Mwaka 1945, Waafrika wawili wa kwanza walipoingizwa katika Baraza la Kutunga Sheria, mmoja wao alikuwa Mtemi Kidaha Makwaia wa Usiha, katika Shinyanga, na wa pili Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Kidaha alikuwa mtu wa elimu na heshima kubwa. Lakini aliteuliwa na gavana, hakutumwa na watu wa Shinyanga. Sauti ya nchi ilisikika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza kupitia kinywa ambacho nchi haikukichagua.

Kuna jambo jingine la mwaka 1958 ambalo wanahistoria wengi huliweka mbali na habari za Geita, nami naona mahali pake ni hapa. Mwezi Januari mwaka ule alifariki John Williamson, mjiolojia wa Kikanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, na ambaye mgodi wake, mwendo mfupi kutoka Shinyanga, ulikuwa umejipatia sifa ulimwenguni kote. Kabla mwaka haujaisha mgodi ule ulikuwa umekwisha kuuzwa, nusu kwa kampuni ya De Beers na nusu kwa Serikali ya Tanganyika. Watu walioandamana kwa ajili ya viti vya baraza, wakavumilia mabomu ya machozi kwa ajili yake, hawakuandamana juu ya almasi, maana hapakuwa na aliyewaambia kwamba iko sokoni. Na hata wangaliambiwa, hawakuwa na la kuizuia, kwa kuwa pamba hutoka katika jembe la mkulima lakini almasi hutoka katika mashine ya mwenye mtaji. Tofauti hii kati ya utajiri ambao lazima umpitie raia na utajiri ambao unaweza kumpita kando ndiyo iliyopanga, kwa maoni yangu, historia yote iliyofuata.

Uhuru ulipopatikana, watawala walikuwa ndugu na jamaa, na watu walitaraji kwamba masikio nayo yatakuwa ya jamaa. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mwaka 1965 ukafanyika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, ambapo katika kila jimbo wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba, walishindania kura. Na katika uchaguzi huo wapiga kura wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha, yule yule aliyekuwa baba wa ushirika wao. Ilikuwa ni ajabu kubwa, na pia ni heshima kwa nchi kwamba kura zilihesabiwa na matokeo yakatangazwa. Mwaka uliofuata Serikali iliunda tume maalumu kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, jambo linaloonyesha kwamba malalamiko hayakwenda bure. Lakini Bomani mwenyewe aliteuliwa kuwa mbunge na Rais, akabaki katika Baraza la Mawaziri. Wenye kujua habari za Uingereza watakumbuka kwamba Edmund Burke aliwaambia watu wa Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge anadaiwa na wapiga kura busara yake na si utii wake, na ilipofika mwaka 1780 watu wa Bristol hawakumtaka tena. Ila huko aliyekataliwa ilimbidi atafute watu wengine wa kumchagua, na hapa uteuzi ulitosha kuifuta hukumu. Bomani alikuwa kiongozi wa uwezo, na yamkini Serikali ilimhitaji. Swali langu ni juu ya mkulima wa Mwanza aliyepiga kura ile: alijifunza nini?

Miaka ya 1970 ilimfundisha zaidi. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuhamia vijijini si hiari tena bali ni amri, na mwaka 1974 operesheni hiyo ikafika Shinyanga, watu wakahamishwa kutoka katika maboma yao yaliyotawanyika, yenye mazizi ya ng'ombe na makaburi ya wazee, wakapangwa kando ya barabara. Nia ya kuwapatia shule, zahanati na maji ilikuwa njema, nami sina shaka nayo. Lakini njia haikuwa ya kuuliza, na waliojua vizuri kwa nini Msukuma hujenga mbali na mwenzake, kwa ajili ya malisho na maji ya mifugo, hawakuwa katika kamati zilizopanga vijiji. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa kwa amri, na chama cha Nyanza, mrithi wa kile cha Victoria, kilichojengwa kwa senti za wakulima wenyewe, kikatoweka. Kilichowapa watu wa pamba uzito mbele ya Serikali mwaka 1958 kiliondolewa mikononi mwao na Serikali waliyoisaidia kuzaliwa. Ilichukua miaka sita kabla ya sheria ya mwaka 1982 kurudisha ushirika, na SHIRECU ya Shinyanga ikaundwa mwaka 1984, lakini kwa muundo uliotoka juu.

Katika giza la miaka ile lilitokea jambo moja ambalo ni lazima nilitaje kwa insafu. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wakati wa msako wa mwaka 1976 dhidi ya mauaji ya wazee waliotuhumiwa uchawi, raia walikamatwa na kuteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Habari zilipothibitika, Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakuwa yeye aliyewatesa, na maofisa wahusika wakafikishwa mahakamani. Haikuwa kura iliyofanya hivyo. Ilikuwa ni dhamira, na kwa watu waliozoea kuona mamlaka yakiondoka bila ya kujibu, ulikuwa ni ushahidi kwamba sikio linaweza kuwapo hata pasipo shinikizo, ingawa mifano yake ni michache kiasi kwamba hatuwezi kuujengea utawala wa nchi juu yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe na ujambazi ulikithiri, na polisi walikuwa wachache na wengine si waaminifu. Ndipo katika mpaka wa Kahama na Nzega watu walipoanzisha Sungusungu, jeshi la wanakijiji lenye pinde, filimbi na viapo, lenye viongozi wake wa kuchaguliwa, ambalo katika muda mfupi lilienea nchi yote ya Wasukuma na Wanyamwezi. Wanasheria walishtuka, na si bila sababu, maana Sungusungu iliadhibu bila mahakama na pengine iliwadhulumu watu, hasa wanawake wazee. Lakini Serikali ilitazama, ikapima, ikaona kwamba usalama wa vijijini umeshikwa na watu hawa na haiwezi kuupata kwa njia nyingine, na mwaka 1989 ikawatambua katika sheria za mgambo. Hali kadhalika kuhusu miti: nchi ya Shinyanga ilikuwa imefyekwa mapori tangu miaka ya 1920, kwa amri ya wakoloni waliotaka kumwangamiza mbung'o, kisha ikafyekwa kwa pamba, kisha vijiji vipya vikamaliza yale yaliyobaki, hata ikafika hali ya kuitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ulipata ufanisi pale maofisa wake walipoacha kuwafundisha watu na wakaanza kuwauliza, wakaambiwa habari za ngitili, desturi ya kale ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi yasiguswe wakati wa mvua. Ngitili zilikuwa karibu kutoweka. Katika muda wa miaka isiyofika ishirini zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa ngitili za kaya na za vijiji, na mwaka 2002 mradi ukatunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Hakuna serikali inayoweza kulinda hekta 300,000 kwa askari wa misitu peke yao. Ilibidi isikie, ikasikia, na nchi ikarudi kijani.

Dhahabu ni habari nyingine. Mgodi wa kwanza wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na kwa muda mrefu dhahabu ya ukanda huu ikabaki kazi ya wachimbaji wadogo, wenye maduara yao, yaani mashimo yaliyozuiwa kwa matimba, karasha zao za kusagia mawe na zebaki yao. Huko Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama, maelfu yao walikuwa wamekusanyika kabla ya kampuni ya Kahama Mining, tawi la Sutton Resources ya Kanada, kupewa leseni mwaka 1994. Mgogoro ulifika Mahakama Kuu ya Tabora. Lakini mwisho wa Julai 1996 Serikali iliamuru wachimbaji waondoke, na mwanzoni mwa Agosti mashimo yakafukiwa. Zikatolewa tuhuma, zilizoshikiliwa kwa miaka mingi na wanasheria wa mazingira wa LEAT na Tundu Lissu miongoni mwao, kwamba zaidi ya watu 50 walifukiwa wakiwa hai. Serikali ilikanusha, na mkaguzi wa malalamiko wa Benki ya Dunia aliandika mwaka 2002 kwamba hakuona msingi wa tuhuma hizo. Sitaki kuhukumu lile lililoshindwa kuhukumiwa na wenye mamlaka ya kulichunguza. Ninalolisema ni hili, ambalo halina mabishano: uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulikuwa umefanyika miezi tisa tu kabla yake, Oktoba 1995, na watu wa Bulyanhulu walipiga kura wakiwa wachimbaji, wala hapakuwa na mgombea wa chama kinachotawala aliyesimama mbele yao akasema, tukishinda tutawaondoa. Sera ya madini ikaja mwaka 1997, sheria ikaja mwaka 1998, mrabaha wa dhahabu ukiwekwa asilimia 3; na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa chini ya Barrick, iliyokuwa imeinunua Sutton mwaka 1999.

Kilio kilipokuwa kikubwa ndipo sikio likageuka. Mwezi Februari 2007 mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulio karibu na mji wa Kahama, ulitiwa saini mjini London na Waziri Nazir Karamagi, na mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alipouhoji Bungeni mwezi Agosti, akasimamishwa kuhudhuria vikao. Adhabu hiyo ilimfanya asikike zaidi. Alipokelewa na umati mahali pengi, na mwezi Novemba Rais Kikwete akaunda kamati ya kuchunguza madini chini ya Jaji Mark Bomani, ndugu yake Paul, akamtia ndani yake Zitto mwenyewe, pamoja na John Cheyo wa Bariadi na Ezekiel Maige, mbunge wa Msalala, mahali ilipo Bulyanhulu. Katika sheria mpya ya mwaka 2010 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kuwa asilimia 4, tena ukakokotolewa juu ya thamani yote badala ya ile inayobaki baada ya gharama. Na katika uchaguzi wa mwaka huo, jimbo la Shinyanga Mjini lilitangazwa kuchukuliwa na Steven Masele wa CCM, chama kinachotawala, kwa tofauti ya kura moja tu. Mbunge huyo baadaye akafanywa Naibu Waziri wa Nishati na Madini. Kwa mara ya kwanza tangu pamba ipoteze nguvu zake, watu wa ukanda huu walikuwa wameshika tena kitu ambacho dola haiwezi kukikosa, nacho ni kura yenye mashaka.

Ni katika hali hiyo alipokuja Rais John Magufuli, mtu wa Chato, wilaya iliyoingizwa katika Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Yeye aliyajua maneno ya watu hawa kwa lugha yao: aliwajua vijana wa Geita walioomba waachiwe magwangala, mawe ya taka ya mgodi mkubwa, wayaponde wajipatie riziki, aliijua hasira ya kuona makinikia, mchanga wenye madini, yakipita katika makontena kwenda ng'ambo bila ya mtu kujua yamebeba nini. Mwezi Machi 2017 akazuia yasisafirishwe, makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam, na mwezi Julai Bunge likapitisha sheria zilizopandisha mrabaha hadi asilimia 6, zikatoza asilimia 1 ya ukaguzi na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi. Yalikuwa ni mambo yaliyotakwa na wapiga kura wa Kahama na Geita kwa muda wa miaka 20, na furaha yao ilikuwa ya haki.

Lakini nami nina huzuni juu ya namna yake. Sheria kubwa kama zile zilipelekwa Bungeni kwa hati ya dharura, zikajadiliwa na kupita katika siku chache. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu mwaka 2016. Na ilipofika Septemba 2017 kampuni ya Acacia, tawi la Barrick, ikatangaza kupunguza kazi za Bulyanhulu, ajira za watu wapatao 2,000 zikaguswa, mafundi na wauza chakula wa Kakola, kando ya mgodi, wakabaki na vibanda vitupu. Na mtu wa Kakola aliyeiunga mkono sera ile kwa moyo wote, lakini ambaye angependa kuuliza itatekelezwa vipi na mzigo wake atabebeshwa nani, hakuwa na mahali pa kuuliza. Maafikiano ya Serikali na Barrick yalipopatikana Oktoba 2019, yakazaa kampuni ya Twiga na malipo ya dola milioni 300, yalikuwa yamejadiliwa na wakubwa wa pande mbili; faida yake kwa nchi ni kubwa, nami siipunguzi, ila kijiji kilichopo juu ya dhahabu kilizisikia habari zake katika redio kama kila mtu.

Ulinganishe na siku ya tarehe 22 Januari 2019, wachimbaji wadogo walipoitwa Dar es Salaam wakaketi mbele ya Rais na mawaziri wake, wakaeleza mmoja mmoja kwa nini dhahabu yao huuzwa kwa magendo: kwamba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na ile ya zuio ya asilimia 5 humfanya mwaminifu ale hasara. Mwezi uliofuata kodi hizo zikafutwa, na mwezi Machi soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Waliulizwa kwanza, jambo likaamuliwa baadaye. Na waliulizwa, naona, kwa kuwa dhahabu yao hutoka kwa mikono yao, nao wanaweza kuificha mfukoni, kama mababu zao walivyoweza kuiacha pamba shambani.

Anayeishi juu ya leseni ya kampuni hana cha kuficha. Sheria ya madini ya mwaka 2010 inamtaka mwenye leseni apate idhini ya maandishi ya mwenye shamba au nyumba kabla ya kuchimba hapo. Kisha inaongeza kwamba idhini ikizuiwa bila sababu ya maana, Waziri aweza kuagiza kwamba haihitajiki. Ipi ni sababu ya maana, na nani ampimie mkulima wa Nyang'hwale uzito wa kaburi la baba yake, sheria haikusema. Mikutano ya hadhara iliruhusiwa tena Januari 2023, na wagombea watapita tena Msalala, Geita na Kishapu wakitaka kura. Ningependa waulizwe juu ya maneno hayo machache ya sheria, kila mmoja kwa jina lake, na majibu yao yaandikwe.